Chura Akaaye Mitini katika Msitu wa Bwindi

Msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 331, husifika kwa gorila wake. Lakini giza liingiapo, kiumbe mwingine huita matawini kandokando ya vijito: chura mdogo wa mitini, aitwaye chura wa Kivu. Ncha za vidole vyake ni pana na hunata, naye hukwea hata jani lililolowa. Jike hatagi majini kama vyura wengi. Hufukia mayai udongoni karibu na maji, na viluwiluwi hujivuta wenyewe mpaka kijitoni. Basi miti ikifyekwa na udongo ukikauka, kizazi chake hukatika. Tangu 1991 Bwindi ni hifadhi ya taifa. Atunzaye kivuli chake humtunza na chura huyu.