Mdomo Uliochelewa

Mwaka jana sisi wanafunzi wa Kiswahili wa chuo kimoja hapa Kampala tuliamua kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mchezo wa jukwaani. Siku hiyo, tarehe 7 Julai, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021, na kila mwaka idara yetu huifanyia sherehe ya hotuba, mashairi na ngoma. Safari hii tulitaka kuweka skrini tatu nyuma ya jukwaa, na katikati ya mchezo wazee watatu wa Uganda waonekane wakisimulia namna walivyokutana na lugha hii. Mmoja wa wazee hao alikuwa bibi yangu mzaa mama, ambaye nyumbani tunamwita Jjajja. Kazi ya video nilipewa mimi.

Msomaji aliyekulia Tanzania au Mombasa huenda asielewe kwa nini kumrekodi Jjajja lilikuwa jambo zito. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili si lugha ya mashairi. Ni lugha ya bunduki. Jjajja alikuwa msichana katika miaka ya 1970, na maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua yalikuwa amri za askari kwenye vizuizi vya barabarani: toka, lala chini, lete. Nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni, hakunikaripia. Aliuliza tu, "Kwani lugha nyingine zimekwisha?" Kwa miaka miwili hatukulizungumzia tena jambo hilo.

Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja. "Nitasema kwa Luganda," alisema, "na wewe usinipotoshee maneno." Nikamwahidi.

Simulizi yake ilikuwa ya dakika kumi. Tuliigawa hivi: skrini ya kushoto ingeonyesha uso wake, ya katikati ingeonyesha picha za kijiji na barabara anayoitaja, na ya kulia ingeonyesha tafsiri ya Kiswahili. Kila skrini ilikuwa na kompyuta yake ndogo ya ukubwa wa kiganja na faili lake la video. Sauti ilitoka kwenye kompyuta ya katikati tu. Mimi nilikaa nyuma ya ukumbi na kompyuta mpakato, na nikibonyeza kitufe, amri moja ilikwenda kwa kompyuta zote tatu kupitia Wi-Fi: anza.

Siku mbili kabla ya sherehe tulifanya mazoezi ya mwisho, nami nikamleta Jjajja aone. Alikaa safu ya pili, mkoba mapajani. Dakika za mwanzo alitabasamu. Baadaye tabasamu likaisha, akawa anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Picha ilipozimika, alinigeukia.

"Huyo mwanamke si mimi," alisema. "Nimeshanyamaza, naye bado anatafuna maneno."

Ni kweli. Mwishoni mwa simulizi sauti yake ilikuwa inatangulia na mdomo unafuata nyuma. Mahali ambapo sauti ilikatika kwa huzuni, uso ulikuwa bado unaongea. Na sauti iliporudi, uso ndio kwanza ulikuwa umenyamaza. Alionekana kama mtu anayeigiza. Sharti lake lilikuwa moja tu, nami nilikuwa nimelivunja mbele ya macho yake.

Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukiaibika. Nililaumu vyombo. Tulikuwa tumekodi kompyuta hizo kwa fundi mmoja, kijana wa Bukavu anayefunga mitambo ya harusi na mikutano ya injili hapa mjini. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mashine yake ya kushoto ni chakavu na haiwezi kazi. Waswahili wana msemo, mchagua jembe si mkulima. Nilikuwa nimeuandikia insha mwaka wa kwanza na kupata alama nzuri. Jioni ile sikuukumbuka.

Kaka huyo hakukasirika. Aliniuliza swali moja: "Mdogo wangu, inachelewa tangu mwanzo, ao inazidi kuchelewa?"

Sikujua. Nilikuwa nimeona kosa, lakini sikuwa nimelitazama. Tukaanza tena, safari hii tukiwa na saa. Mwanzoni mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Dakika ya tano vilikuwa vimeachana kidogo, kiasi cha mtu makini kugundua. Dakika ya kumi vilikuwa vimeachana kwa zaidi ya nusu sekunde. Basi kosa lilikuwa linakua.

Alinieleza kwamba hapo tayari tumeondoa nusu ya maswali. Kama skrini mbili zinapishana kwa kiasi kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, tatizo liko kwenye kuanza: amri imechelewa kufika, au mashine imechelewa kufungua faili, au projekta yenyewe inachukua muda kuichakata picha. Lakini kama tofauti inaongezeka, basi zilianza pamoja na zinakwenda kwa kasi mbili tofauti. Hakuna kitufe cha kuanza kitakachotibu kasi.

Kisha akanifundisha kanuni nitakayokumbuka hata nikisahau mengine yote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu angalia kosa limehamia wapi. Tulibadilishana nyaya za picha kati ya skrini ya kushoto na ya katikati. Kosa lilifuata kompyuta, kwa hiyo projekta na waya havikuwa na hatia. Tukarudisha nyaya. Tukachukua faili la uso tukaliweka kwenye kompyuta ya kulia, na lile la tafsiri tukaliweka kwenye kompyuta ya kushoto, ile niliyoiita chakavu. Tukaanza. Dakika kumi baadaye uso ulikuwa umechelewa vilevile, lakini sasa ukiwa upande wa kulia. Kompyuta ya kushoto ilionyesha tafsiri yake bila kosa lolote.

Kosa lilikuwa ndani ya faili. Na faili nililitengeneza mimi.

Fundi alifungua maelezo ya mafaili yote matatu. Katika programu ya kuchezea video yote yalisomeka dakika 10:00. Lakini kwenye mstari wa kasi ya fremu, mawili yaliandikwa 30 na la uso liliandikwa 29.97. Hapo nikakumbuka. Usiku uliotangulia niliona uso wa Jjajja ni mweusi mno kwenye skrini kubwa, nikataka kuutia mwanga. Niliivunja video yake kuwa picha moja moja, nikazisafisha zote kwa pamoja, kisha nikaziunganisha tena. Programu iliniuliza kasi, ikanipa orodha, nami nikachagua 29.97 kwa sababu ilikuwa ya kwanza machoni na nikadhani ni namna nyingine ya kuandika 30.

Si namna nyingine ya kuandika 30. Namba hiyo ilizaliwa Marekani mwaka 1953, walipoleta televisheni ya rangi. Ili mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti, wahandisi walipunguza kasi ya picha kidogo sana, sehemu moja katika elfu moja na moja. Hesabu yake ni nyepesi. Dakika kumi kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 18,000. Fremu hizohizo 18,000 ukizichezesha kwa 29.97 zinamalizika baada ya sekunde 600.6. Ile sehemu ya sita ya kumi ya sekunde, ambayo saa ya programu haikuionyesha, ndiyo iliyomfanya bibi yangu atafune maneno.

Niliziunganisha upya picha zile kwa kasi ya 30, tukajaribu, na mdomo ukarudi kwa mwenyewe. Nilimwomba fundi radhi, mbele ya walewale waliosikia nikimlaumu. Alicheka, akasema, "Ni sawa. Lakini bado sipendi hiyo Wi-Fi yako."

Nilimjibu kwamba tumefanya mazoezi mara sita na Wi-Fi haijakosea hata mara moja. Akaguna tu.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Onyesho lilianza kwa picha za makaribisho zinazobadilika kwenye skrini zote kwa amri moja. Nilibonyeza, skrini mbili zikabadilika, ya kulia ikabaki palepale. Nikabonyeza tena, ya kulia ikabadilika, ya kushoto ikakataa. Kwa mara ya tatu zote zikatii. Mikono ilianza kunitetemeka. Lakini nilikuwa nimejifunza kuuliza kabla ya kulaumu: ni nini kilichobadilika tangu mazoezi? Mashine ni zilezile, mafaili ni yaleyale, waya ni uleule. Kilichobadilika ni watu. Na kila mtu alikuwa na simu mfukoni.

Katika masafa ya gigahezi 2.4 ambayo ruta yetu ilitumia, kuna njia tatu tu zisizoingiliana. Simu mia kadhaa zilikuwa zinazigombea, na miili ya watu wenyewe hunyonya mawimbi hayo. Tena amri yangu ilitumwa kwa utaratibu wa UDP, kama tangazo kwa wote kwa mpigo. Utaratibu huo hausubiri jibu. Ni sawa na mtu anayepiga kelele sokoni "njooni!" kisha anaondoka bila kugeuka kuona nani amesikia. Ukumbi ukiwa mtupu, kila mmoja husikia. Ukumbi ukijaa, ni bahati.

Fundi hakuniambia "nilikuambia". Alikuwa ameshafika ubavuni pangu na bunda la kebo za mtandao begani na swichi yenye matundu matano mkononi. Alikuja nazo asubuhi bila kuniuliza. Mgeni rasmi alikuwa anapanda jukwaani kutoa hotuba, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwombea mgeni rasmi azungumze kirefu. Mungu alisikia. Tulitandaza kebo ukutani, tukazigandisha kwa gundi ya karatasi ili watu wasijikwae, tukaunganisha kompyuta tatu na yangu ya nne, tukazima Wi-Fi zote. Nikabadilisha programu pia kidogo: kila amri itumwe mara tatu mfululizo, na mashine ikishaanza ipuuze zinazofuata. Hotuba ilipofika kwenye shukrani, nilibonyeza picha ya majaribio. Skrini tatu zikabadilika kama jicho moja linalopepesa.

Simulizi ya Jjajja ilikuja katikati ya mchezo. Anasema jinsi alivyolala kwenye shamba la migomba akisikia amri za Kiswahili zikipita barabarani. Anasema pia kwamba mwaka 1979, baada ya Kampala kuanguka mwezi Aprili, askari wa Tanzania walipita kijijini kwao, na mmoja alisimama mlangoni akavua kofia na kusema, "Mama, naomba maji, tafadhali." Hakujua maana ya neno la mwisho, ila alijua kwamba hakuwahi kulisikia kwenye vizuizi. Hapo ananyamaza. Kimya hicho ni cha sekunde nne. Kwenye mazoezi uso ulikuwa ukiongea katikati ya kimya hicho. Safari hii midomo yake ilifungwa pale sauti ilipokoma, na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Mimi sikutazama skrini. Nilitazama kisogo chake, safu ya pili. Hakikuinama.

Baada ya sherehe nilimkuta nje, amezungukwa na wanafunzi wenzangu. Mmoja alikuwa anagawa soda, akamuuliza kwa Kiswahili angependa ipi. Sijui kama alilielewa swali lote. Alimtazama kijana yule, akasema polepole, "Maji. Tafadhali."

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama sasa maneno yake yalikaa sawa. Alisema, "Safari hii nilikuwa mimi." Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo wenzangu huniita wanapotaka kuonyesha video, hata kama ni skrini moja tu ya darasani, nami huwaambia yale niliyofundishwa na kijana wa Bukavu. Uliza kwanza kama kosa linakua au limesimama. Badilisha kitu kimoja, uone limehama na nini. Soma maelezo ya faili, usiiamini saa inayokata sehemu za sekunde. Usihukumu mtambo kwa mazoezi ya ukumbi mtupu. Na kabla hujanyoosha kidole kwa chombo cha mwenzio, kumbuka ulichokigusa wewe mwenyewe usiku wa jana.

Sisi tunaotafsiri na kurekodi wazee wetu tunazungumza sana juu ya uaminifu kwa maneno yao. Mimi nilidhani uaminifu huo unaishia kwenye kamusi. Tafsiri yangu ya Jjajja ilikuwa sahihi neno kwa neno, mhadhiri wangu aliipitia na kuisifu. Bado nilimpotoshea, kwa sehemu ya sita ya kumi ya sekunde, na aliyegundua ni yeye mwenyewe.