Ukurasa Wangu Hauna Mbwembwe, na Utabaki Hivyo

Wasee, kila mtu nikimwonyesha ukurasa ninaotunza anacheka kwanza. Herufi nyeusi, linki za buluu, picha moja ndogo. Ni wa programu huria ya hesabu za chama: unaipakua bure, na ukijua kuprogramu unaweza kuifungua ndani uirekebishe. Mimi si mkali wa kuprogramu. Kazi yangu ni huo ukurasa tu, na HTML yake naandika kwa mkono hapa Kawangware. Mwenye bando ya mbao anaufungua bila kulia.

Sasa, mkono husahau. Toleo jipya lilipotoka nilibadilisha namba yake pale juu, linki ya kupakua kule chini nikaiacha. Wiki 3 watu walipakua toleo la zamani, lile lililokuwa linahesabu faini mara 2. Nilijua siku mweka hazina wa chama kimoja cha Makina, Kibera, aliponipigia. Simu ilisema kuna pesa zaidi ya zile za kwenye kisanduku, na wanachama walikuwa wanasema amezila.

Hiyo si ya kumaliza kwa simu. Nilishuka Adams, nikakatiza soko la Toi, tukapiga hesabu upya kwa kalamu mbele ya wote. Tofauti: shilingi 1,450, zote faini. Nikasema, "Pole sana, mama." Akanijibu, "Pole nimesikia, mwanangu. Lakini huko kwenu nani alikuwa anaangalia?"

Hakuna. Manze, iliniuma. Hapo hapo Kibera, mwaka wa 2009, ramani nyingi zilikuwa zinaonyesha mtaa mzima kama pahali patupu, hadi vijana wa Map Kibera wakazunguka na vifaa vya GPS wakauchora kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kusahihisha. Mimi nilikuwa nimejifungia na ukurasa wangu peke yangu.

Mabeshte wananiambia nitumie mtambo unaotengeneza kurasa wenyewe. Na ndiyo, najua, ungebadilisha ile linki. Lakini binti ya huyo mama, yuko kidato cha tatu, nilimfundisha kusoma faili yangu kwa jioni moja. Siku hizi kila Jumamosi anabonyeza linki zote, na juzi alinirekebishia tahajia bila kuniuliza.

Mama yake bado anaandika kwa daftari pia. Siwezi kumlaumu.