Kuku na Ndege wa Porini katika Baridi ya Quebec

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tukisikia neno "baridi" huwaza ukungu wa alfajiri milimani na koti zito la askari wa zamu ya usiku. Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, neno hilo lina maana nyingine kabisa. Usiku wa mwezi wa Januari kipimajoto huweza kuteremka hadi digrii 25 chini ya sifuri, na pengine zaidi. Ziwa la Deux Montagnes, lililo magharibi ya mji wa Montréal, huganda hata motokaa zikapita juu ya barafu yake kutoka Oka mpaka Hudson, ng'ambo ya pili.

Nilipopelekwa huko kwa mafunzo, sikuwahurumia watu, kwani wao wana majiko na makoti. Niliwahurumia kuku. Mnyama huyu, ambaye asili yake ni misitu ya joto ya Asia, anaishije mahali kama pale?

Jibu moja lilipatikana Oka penyewe. Watawa wa Kitrapisti kutoka Ufaransa walijenga makao yao hapo mwaka 1881, nao walikuwa wakulima hodari. Kuku wengi wa zamani zile walikuwa na undu mrefu, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani. Undu hauna manyoya, na damu hupita karibu sana na ngozi. Baridi ikizidi huganda, ukawa mweusi na kufa. Jogoo aliyepatwa na balaa hilo hupungukiwa hata na nguvu ya kurutubisha mayai. Mwaka 1907 mtawa mmoja, Bruda Wilfrid Châtelain, alianza kuchanganya mbegu za kuku mbalimbali ili apate kuku wa Kanada hasa, anayetaga wakati wa baridi na kufaa kwa nyama pia. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Kuku wake, aitwaye Chantecler, alionyeshwa kwa umma mwaka 1918. Ni mweupe, ana manyoya mengi, na undu wake ni mdogo kama kifungo cha shati. Hata zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo ni kama hazipo. Mwaka 1999 sheria ya Quebec ilimtaja kuwa urithi wa jimbo, pamoja na ng'ombe na farasi wa Kikanada. Watawa wenyewe waliondoka Oka mwaka 2009, lakini kuku wao bado anafugwa.

Hata hivyo mbegu njema peke yake haitoshi. Mfugaji mgeni husikia upepo ukivuma, akaziba kila tundu la banda. Hapo ndipo anapowaua kuku wake. Kuku ana joto la mwili la digrii 41 hivi, na akitunisha manyoya yake hufunga hewa katikati, akawa kama aliyejifunika blanketi. Akiwa mkavu huvumilia baridi ya kutisha. Lakini pumzi na mavi yake hutoa unyevu mwingi. Usipopata pa kutokea, huganda juu ya undu na vidole, na ile harufu kali ya mavi huunguza mapafu. Kwa hiyo wenyeji huacha matundu juu kabisa, karibu na paa, mbali na kichwa cha kuku aliyelala. Chini hutandaza maranda makavu. Mti wa kulalia huwa mpana na bapa, ili kuku akikaa afunike vidole vyake kwa kifua. Maji ya kunywa ndiyo taabu kubwa, maana huganda mara kwa mara, na kuku asiyekunywa hali vizuri, na asiyekula hana kuni za kuwasha mwilini. Wako milimani kwetu pia wanaoziba mabanda kwa magunia. Nao wangefaa kulifikiri jambo hili la unyevu.

Na ndege wa porini, asiye na banda wala maranda? Wengi hukimbia. Yuko ndege mdogo wa Alaska, mwenye uzito wa gramu 25 tu, ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba huruka kiasi cha kilometa 14,500 kuja Sudan, Uganda na Kenya, kisha hurudi kwao kuzaa. Huyo tunamlisha wadudu wetu bila kujua alikotoka.

Wanaobaki wana hila zao. Bata husimama juu ya barafu kwa miguu mitupu, kwa sababu damu ya moto inayoteremka mguuni hupita sambamba na ile baridi inayopanda, ikaipasha joto kabla haijafika mwilini. Ndege mmoja wa jamaa ya kwale hujitupa ndani ya theluji laini na kulala humo. Sisi tungedhani ni kujizika. Kumbe theluji, kwa hewa iliyo ndani yake, huzuia upepo na kuhifadhi joto.

Lakini aliyenishangaza kuliko wote ni mezanji, kama wenyeji wamwitavyo, ndege mwenye kofia nyeusi na uzito wa gramu 11, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Tangu kiangazi kinapoisha huficha mbegu katika magome ya miti, moja huku, moja kule, na hukumbuka mahali pake kwa majuma kadhaa. Mchana kutwa hula mpaka anenepe kidogo. Usiku huingia katika tundu la mti, akaacha joto la mwili lishuke kwa digrii kumi hivi, huku akitetemesha misuli ya kifua ili asigande. Mafuta ya siku moja huteketea kwa usiku mmoja. Asiyeshiba jioni huenda asiamke.

Ndiyo sababu familia nyingi huning'iniza mbegu za alizeti nje ya madirisha. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti walichapisha mwaka 1988 kwamba kati ya ndege hao waliopata mbegu za watu, 69 katika kila 100 walivuka majira ya baridi. Kati ya wale wasiopata, 37 tu.