Mtu Aliye Nyuma ya Mlango

Magari ya shaba ya hapa Kinsevere hushika njia ya Kasumbalesa, na shaba hiyo hufika hata Durban. Kwa hiyo mambo ya Afrika ya Kusini si mambo ya mbali kwetu. Jambo moja lililobishaniwa sana ni hukumu ya Oscar Pistorius, mkimbiaji, na hata leo lafaa tulifikiri, maana latugusa sisi wenyewe.

Pistorius alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti alipokuwa na miezi 11. Alikua, akajifunza kukimbia kwa miguu ya kuundwa, na mwaka 2012 akashindana katika Olimpiki ya London pamoja na watu wenye miguu yao. Dunia nzima ikamsifu. Kumbe, alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Mle ndani alikuwamo mpenzi wake, Reeva Steenkamp, mwenye miaka 29, binti aliyesomea sheria. Akafa.

Pistorius alijitetea kwamba alidhani ni mwizi. Mwezi wa Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa aliona hatia ya kuua bila kukusudia, na mwezi uliofuata akampa kifungo cha miaka 5. Hapo watu waligawanyika. Wengine walimlilia shujaa wao. Wengine walikasirika, wakasema mwenye sifa na fedha hahukumiwi kama maskini. Tena kila mahali lilibishaniwa swali lile lile: Je, alijua kwamba ni Reeva? Kama alijua, ni muuaji. Kama alidhani ni mwizi, basi ni bahati mbaya.

Tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufani, kule Bloemfontein, iliigeuza hukumu. Majaji walisema kwamba aliyekuwa nyuma ya mlango ni nani, hilo halibadili neno. Chumba kile kilikuwa kidogo, hakikuwa na mahali pa kujificha. Apigaye risasi nne humo ajua kwamba mtu aliyemo aweza kufa, naye apiga tu. Huo ni uuaji. Mwaka 2017 kifungo kikaongezwa kuwa miaka 13 na miezi 5. Mwezi wa Januari 2024 akatolewa gerezani kwa masharti.

Tazama basi, wasomaji. Wengi walishangilia hukumu ile kana kwamba timu yao imefunga bao, lakini ni wachache waliosikia neno lililomo. Neno lenyewe ni hili: hata mwizi ni mtu.

Sisi huku tunalisikiaje neno hilo? Usiku sauti yapigwa mtaani, “Mwizi! Mwizi!” Mara vijana watoka na mawe na fimbo, pengine na matairi ya kuchomea. Hakuna aulizaye jina lake. Asubuhi mwili walala njiani, na siku nyingine hujulikana kwamba marehemu alikuwa mpita njia tu, au mgonjwa wa akili aliyepotea. Ndipo watu husikitika: “Laiti tungalijua!” Lakini masikitiko hayo ni utetezi ule ule wa Pretoria. Hata kama angalikuwa mwizi kweli, nani aliwapa ruhusa ya kumwua?

Twajua uchungu wa kuibiwa. Aliyechimba mwezi mzima akaporwa mshahara wake ana haki ya kukasirika, na polisi wakichelewa, hasira huzidi. Lakini amri ya tano haikuweka wezi kando.

June Steenkamp, mama yake Reeva, alisema amemsamehe aliyemwua binti yake. Hata hivyo aliketi mahakamani siku nyingi, aone sheria inafanya kazi yake. Kusamehe na kutaka haki havikugombana moyoni mwake.

Basi, kelele zikipigwa mtaani usiku, mmoja wetu atoke na kusema kwa sauti: “Mfungeni, msimpige, tumpeleke kwa wakubwa.” Mara nyingi watu mia wangoja mmoja tu aseme hivyo.