Jiko la Mama Mkwe na Miezi Yetu Chini ya Mparachichi



Wengi mmetuuliza mbona tumekuwa kimya, na wengine mliona ile picha ya sufuria juu ya mawe chini ya mti mkadhani tumekwenda matembezi. Hapana, jamani. Tulikuwa tunajenga jiko. Leo watoto wamelala mapema, tumepata nafasi, tuwasimulie.

Kwa mliokuja karibuni: sisi ni ndugu wawili, tumbo moja, wazaliwa wa Unguja, tumeolewa na ndugu wawili wa Mbozi. Waume zetu walikuja kisiwani kuuza maharage, wakasilimu, wakatuposa, wakakaa. Baba yao alipofariki, kahawa ikabaki haina wa kuiangalia na mama akabaki peke yake, ndipo sote tukahamia Igamba, mkoa wa Songwe. Huku ni nyanda za juu. Baridi ya Juni na Julai huuma mpaka kwenye mifupa, na nazi ni kitu cha kununua mbali, tena kwa bei ya kukutoa machozi kabla hujaikuna.

Mama mkwe wetu ni Mmoravian. Kabatizwa humo, kazeekea humo, na Jumapili haimkuti nyumbani. Tunalisema mapema kwa sababu jikoni ndiko dini mbili za nyumba hii hukutana kila siku. Siku tulipofika tulimkuta ameshapigilia misumari minne ukutani, karibu na mlango, na kila msumari una sufuria mpya. "Hizi zenu, wanangu," alituambia. "Hazijaonja kitimoto." Hatukuwa tumemwomba. Njia nzima kwenye basi tulikuwa tukinong'onezana tutalianzaje jambo hilo, na yeye keshalimaliza kwa misumari.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha tofali mbichi, futi 8 kwa 9, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mafiga matatu katikati, juu yake kichanja cha miti kilichokuwa cheusi tititi kwa masizi, na juu ya kichanja mahindi ya mbegu na maganda yake. Moshi ulitokea popote ulipoona pana nafasi: mlangoni, kwenye mapengo ya bati, machoni mwetu. Mwezi wa kwanza tulipika tukilia, majirani wakidhani tunawakumbuka kwetu. (Nako pia tulikuwa tunakukumbuka.)

Mama alikuwa na kikohozi alichokiita cha baridi. Lakini kilikuwapo hata Oktoba, jua likiwaka. Ramadhani ya 2024 ndiyo iliyotufumbua macho. Mama hafungi, lakini kila usiku saa 9 aliamka kabla yetu kutuwashia moto wa daku, kwa kuwa alisema sisi watu wa pwani hatujui kuwasha kuni zenye umande. Usiku mmoja tulimsikia akikohoa muda mrefu kupita kawaida. Tukamkuta amechuchumaa nje, mkono ukutani, anatafuta pumzi, na ndani chai yetu inachemka.

Tulimpeleka kwa daktari. Kabla hata ya kumpima, swali lake lilikuwa: "Mnapikia nini?" Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake, na wanaokaa jikoni ni sisi wanawake na watoto tuliowabeba mgongoni. Mei ya 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Tulifurahi kama mlivyofurahi. Ila mkakati hauji na fundi.

Tukanunua daftari. Tukatia nia, kwamba jiko hili ni kwa ajili ya kifua cha mama, wala si la kupigia picha, na hii nia tuliirudia mara nyingi kwa sababu nafsi ni nafsi. Tulikuwa na picha kwenye simu: makabati meupe mpaka darini, meza ya marumaru, taa zinazoning'inia. Waume zetu wakauliza bei, wakanyamaza. Tukakumbushana yale Surat Al-Furqan inayosifu, watu wanaotoa bila ubadhirifu na bila ubahili, wakaenda katikati. Tukafuta taa, tukafuta marumaru. Makabati tukayaacha mawili.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaliandika ingawa linatuonea haya. Kwenye mchoro wetu makabati yalikuwa na majina: kulia "letu", kushoto "la mama". Tena la kwetu tulilichorea kufuli, kwa sababu ya watoto na wageni, hivyo ndivyo tulivyojiambia. Mama aliishika karatasi, akaigeuza, akauliza: "Na mimi nitakuwa upande huu?" Tukasema ndiyo, mama. Akairudisha, akasema ni vizuri, akatoka kwenda kuchuma maboga. Siku mbili hakuingia jikoni tulipokuwamo.

Mume wa mmoja wetu ndiye aliyetufungulia maneno. "Alipowawekea misumari, aliwawekea ukuta mmoja na yeye," alisema. "Ninyi mmemwekea kufuli." Tulikwenda kumwomba radhi usiku uleule. Alicheka, akasema yameisha, akatusukumia viazi tumenye. Makabati yote mawili tukayafuta, tukaandika rafu za wazi.

Baada ya Idd el-Hajj, mwezi wa Juni, kazi ikaanza. Tulichagua kiangazi kwa sababu mvua za huku zikianza Novemba hupati tofali kavu wala fundi mkavu. Tulipanga wiki sita na shilingi 3,800,000. Fundi alipogonga ukuta wa nyuma ili aweke dirisha, mchwa walikuwa wameshaula kwa chini, ukaanguka wote. Alhamdulillah hapakuwa na mtu. Kwa hiyo ukarabati ukawa nusu ujenzi: msingi wa mawe, tofali za kuchoma 1,800, saruji mifuko 22. Fedha tuliyotegemea ni ya kahawa, na kahawa haina haraka. Unaichuma, unaimenya, unaianika, unaipeleka chama cha msingi, halafu unasubiri mnada. Fundi hasubiri mnada. Alichukua fedha ya plasta mwezi wa Julai akaenda, tukasikia yuko saiti nyingine Tunduma. Alirudi baada ya wiki tano na shati jipya.

Miezi hiyo tulipikia chini ya mparachichi. Upepo wa asubuhi ulikuwa unazima moto au unaupeleka upande mmoja wa sufuria, ugali ukaiva kushoto na kulia ukabaki uji. Parachichi moja liliangukia kwenye mchuzi wa maharage, kishindo kikatosha kuwaita majirani. Nao walikuja kweli. Jirani wa juu alianza kutuletea chungu cha maharage yaliyokwishachemka kila Jumatano, bila kusema kitu. Mtume wetu (s.a.w.) aliusia mtu akipika mchuzi azidishe maji ili jirani apate. Tulilisikia tangu chuoni, tulipokuwa wadogo, na kila mara tulijiona sisi ndio tutakaozidisha maji. Huko nyuma hatukuwahi kujiona sisi ndio jirani mwenye bakuli tupu.

Sasa jiko lenyewe, kwa wale mnaopanga la kwenu.

Moto ni jiko banifu la tofali na udongo, matundu mawili, limezibwa pande zote na moshi unapanda kwa dohani. Mara ya kwanza fundi aliishia dohani chini ya kilele cha paa. Tulipowasha, upepo ukausukuma moshi ukarudi wote ndani, tukatoka mbio tukikohoa kuliko siku za mafiga. Dohani lazima ipite kilele cha paa. Mtu akikwambia inatosha ilipo, mwambie awashe moto mbele yako kabla hujamlipa. Mtungi wa gesi tunao kwa chai na mambo ya haraka, na tumenunua jiko la presha la umeme kwa ajili ya maharage, ambayo kwa kuni yalikuwa yanakula nusu siku. Umeme ukikatika tunarudi kwenye kuni, na moshi unakwenda zake juu.

Meza ya kupikia iko ya kimo cha kusimama, lakini mama magoti yake hayamruhusu, na maisha yake yote amepika akiwa juu ya kigoda. Kwa hiyo tundu moja la jiko tulilishusha chini, na kando yake tukajenga kibaraza cha saruji, kama vibaraza vya kwetu, mtu akae amenyoosha miguu. Fundi alituambia jiko la namna hiyo hajapata kuliona. Sasa hicho kibaraza ndicho kinachogombaniwa. Maji ya sinki yanakwenda kwenye shina la migomba. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa, si vigae, na hatujajuta. Jumla ilifika 5,150,000. Daftari lilitusaidia kujua tumezidisha, halikutusaidia kutozidisha.

Oktoba tukaingia. Mama akakaa kibarazani, akawasha, akatazama juu kule moshi ulikokwenda, akasema, "Umekwenda kuwasumbua ndege." Kikohozi hakikuisha siku hiyo. Lakini kufika Desemba alikuwa analala usiku mzima, na daktari akaridhika.

Bado lilikuwapo moja. Novemba mvua ya kwanza ilipopiga, mama alikwenda stoo tulikohamishia mahindi yake ya mbegu tulipobomoa kile kichanja. Alirudi na gunzi moja mkononi, akalisugua, unga ukamwagika. Dumuzi na fukusi walikuwa wamemaliza. Ile mbegu ya kienyeji, aliyoirithi kwa mama yake na kuipanda kila mwaka tangu aolewe, ilikuwa inakaa salama kwa kazi ya ule moshi tuliokuwa tukiulaani. Masizi yale meusi tuliyoyakwangua tukajisifu ndiyo yaliyokuwa mlinzi. Sisi tuliuliza bei ya saruji maduka manne, na hatukumuuliza mwenye jiko kwa nini mahindi yanakaa juu ya moto.

Mama hakutugombeza. Ingekuwa nafuu angetugombeza. Alikaa na kapu, akachambua punje moja moja, zisizo na tundu upande huu, sisi wawili tukakaa naye mpaka giza. Zilipatikana bakuli mbili. Alizipanda nyuma ya jiko, mistari mitatu, na kila tulipomwaga maji ya kuoshea mchele tuliyapeleka huko.

Mavuno yakitoka tutayatia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile inayofungwa hewa isipite mpaka wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Lakini mahindi yawe makavu kweli, yakiwa na unyevu yataoza humo ndani. Mama ameshatufundisha kupima: chumvi kavu ndani ya chupa kavu, punje juu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Ramadhani ya 2025 ndiyo iliyokuwa ya kwanza jikoni mle. Siku moja kabla ya mwezi kuandama mama aliingia na nyundo, na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake kulikuwa na misumari minne ya zamani, aliyoiokota kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka, ameinyoosha kwa jiwe. Tulimwambia, mama, rafu zipo. Akasema rafu ni za sahani. Akatuuliza tunataka urefu gani, sisi tukamwonyesha kwa mkono, yeye akashusha kidogo ili na yeye azifikie. Plasta mpya ikabanduka kidogo pembeni ya msumari wa tatu. Tumeiacha hivyo.

Saa 9 usiku ule tuliamka mapema makusudi ili tumtangulie. Tulikuta chai iko motoni.