"Kuna Mtu Mwingine?" Kumbe Ni Jasho Tu

Kabati langu lilikuwa na nguo nyeusi na nyeupe tupu. Ofisini walidhani ni mtindo wangu, eti mhariri anapenda mambo ya kistaarabu. Ukweli ni kwamba mwenzenu nilikuwa natokwa jasho la kwapa mpaka linachuruzika ubavuni, hata asubuhi ya Julai, hata kiyoyozi kikiwaka mpaka wenzangu wanavaa sweta.

Utasema Dar ni joto, nani hatoki jasho? Hili halikuwa la joto. Lilinianza nikiwa kidato cha pili. Nilioga mara tatu kwa siku, nikajaribu kila deodoranti, nikaweka tishu kwapani kabla ya kila kikao. Nikirudi nyumbani, mume wangu akinyoosha mikono anikumbatie, namkwepa: "Ngoja kwanza nikaoge." Miaka minne ya ndoa, wimbo ni huo huo.

Usiku mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, niambie ukweli. Kuna mtu mwingine?"

Nililia. Nikafungua mkoba, nikamwonyesha tishu zilizolowa. Akazitazama weee, kisha akasema, "Yaani muda wote huu nagombana na jasho?"

Wiki iliyofuata alinisindikiza kwa daktari wa ngozi. Kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba huu ni ugonjwa, si uchafu. Neva zinaziamrisha tezi zitoe jasho hata pasipo na haja. Alinipima kwanza, maana jasho jingi laweza kuletwa na ugonjwa mwingine au dawa unazotumia. Kisha akanipa dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloridi, ya usiku, kwapa likiwa kavu. Ilisaidia kidogo, ikaniwasha sana. Ndipo akataja Botox.

Nilicheka. Botox si ya mastaa wanaokimbia makunyanzi? Kumbe mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha itumike kwa jasho kali la kwapani lisilosikia dawa za kupaka. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamuru tezi zitoe jasho.

Siku yenyewe nilipakwa ayodini, nikanyunyiziwa unga wa wanga. Palipolowa pakageuka zambarau iliyokolea, kama ramani ya aibu yangu yote. Kisha zikafuata sindano nyembamba, kama 15 kila kwapa, jumla ya yuniti 50 kila upande. Kila moja inauma kama siafu. Baada ya wiki moja nilikuwa mkavu, na Jumamosi hiyo nikanunua blauzi ya hariri, rangi ya samawati.

Sitaki kuwadanganya, huku si kupona. Baada ya miezi saba jasho lilirudi, na gharama yake ilikaribia kodi yetu ya nyumba ya miezi mitatu. Wengine hujikuta wanatokwa jasho zaidi sehemu nyingine za mwili. Kama ni mjamzito, unanyonyesha au una ugonjwa wa misuli na neva, mwambie daktari kabla ya chochote. Na tafadhali, usikubali kudungwa saluni. Botox inatokana na sumu ya bakteria, hiyo ni kazi ya daktari aliyesomea.

Kwa sasa tunaweka akiba ya awamu ya pili, na nimerudia dawa ya kupaka. Jana nimefika nyumbani blauzi imelowa. Mume wangu akanyoosha mikono. Nikasita kidogo, halafu nikamwendea hivyo hivyo.

Mpenzi msomaji, kama kuna kitu cha mwili wako unamficha mwenzio, mwambie mapema, kabla hajajitafutia jibu mwenyewe.