Siku ya Matokeo, Kutoka Melbourne hadi Dar es Salaam

Melbourne, Desemba

Huku Desemba ni kiangazi, na shule zinafunga mwaka. Mitihani ya darasa la kumi na mbili, ambalo ndilo la mwisho kabla ya chuo kikuu, ilikwisha tangu Novemba. Nilifikia magharibi mwa jiji, kwa familia ya Wakongo kutoka Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, kabla ya kupokelewa Australia. Binti yao mkubwa alikuwa anasubiri matokeo, na nyumba nzima ilikuwa inasubiri pamoja naye.

Jimbo la Victoria hutoa matokeo katikati ya mwezi huu, saa moja kamili asubuhi, kwa wanafunzi wote kwa pamoja. Kila mmoja huingia kwenye akaunti yake kwa nenosiri aliloliweka mapema. Binti aliketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, simu mkononi. Mama yake alisimama mlangoni, bado amejifunga kanga ya kulalia, akitaka kumsogelea.

"Ngoja kwanza, mama. Niache nione mwenyewe."

Mama akabaki pale pale. Kwenye kioo cha simu zilipangwa alama za masomo, kila somo kati ya 50, na pamoja nazo namba moja yenye desimali mbili: 68.40. Hiyo ndiyo ATAR, namba ambayo vyuo vikuu vya Australia huitumia kuchagua wanafunzi.

"Ni sitini na nane kwa mia?" mama aliuliza.

Swali hilo huulizwa hata na wazazi waliozaliwa hukuhuku. ATAR si alama ya mtihani. Ni nafasi ya kijana katika msururu wa rika lake lote, kuanzia 0.00 hadi 99.95, na hupanda kwa hatua za 0.05. Mwenye 68.40 amewatangulia takriban asilimia 68 ya vijana wa umri wake, wakiwemo walioacha shule njiani. Kwa kuwa walioacha nao wanahesabiwa, wastani wa wanaopewa ATAR hauwi 50, bali huwa karibu na 70. Binti huyu, aliyeanza shule chini ya hema la kambi, alikuwa sawa na mwanafunzi wa kawaida wa Melbourne. Baba yake alipoelezwa hivyo alikaa kitini, akasema "Asante Mungu" na kurudia tena na tena.

Hesabu yenyewe ina mizunguko. Alama za kila somo hupimwa upya kwa kuangalia ushindani: somo linalochukuliwa na wanafunzi wenye nguvu, kama hisabati ya juu kabisa, hupandishwa, mengine hushushwa. Kisha hujumlishwa masomo manne bora, na Kiingereza lazima kiwemo, halafu huongezwa sehemu ya kumi ya somo la tano na la sita. Ndiyo maana mtoto mgeni anaweza kung'ara kwenye kemia na bado akarudishwa nyuma na Kiingereza. Jimbo limeliona hilo: upo mtihani wa Kiingereza kwa wale ambao si lugha yao ya kwanza na hawajakaa nchini muda mrefu, na upo utaratibu wa kueleza shida za nyumbani, ugonjwa au ukimbizi, ili chuo kikizingatia maombi kizijue.

Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Kabla ya saa tatu asubuhi binti alikuwa anazungumza kwa simu na mwalimu mshauri wa shule yake. Masomo ya darasa lake yalikuwa yamekwisha, lakini washauri walikuwa kazini kwa ajili ya siku hiyo, na jimbo lina laini ya simu kwa asiye na wa kumuuliza. Alikuwa amejaza orodha ya kozi miezi kadhaa nyuma. Katika Victoria mwombaji anaruhusiwa hadi nane, zikipangwa kwa upendeleo. Sasa, matokeo yakiwa mkononi, dirisha la kubadili mpangilio lilikuwa wazi kwa siku chache. Walipitia orodha moja baada ya nyingine. Kozi aliyoiota ilihitaji zaidi ya 90, akaiacha juu kwa sababu haimgharimu kitu: ikikataa, kompyuta hushuka kwenye chaguo linalofuata. Uuguzi ulikuwa wa tano, akaupandisha hadi wa pili. Majibu ya kwanza ya vyuo hutoka kabla ya Krismasi.

Sydney

Katika New South Wales, jimbo la Sydney, kazi ya kutoa matokeo imegawanywa mikononi mwa wawili. Mamlaka ya elimu ya jimbo hutoa alama za mtihani, na kituo cha udahili, UAC, hutoa ATAR. Majimbo mengi yana vituo vyao, na zamani majimbo yalitumia vipimo tofauti. ATAR ilianza Sydney na Canberra mwaka 2009, ikaenea majimbo mengine mwaka uliofuata. Queensland ilishikilia kipimo chake cha madaraja 25 hadi 2020.

Aliyepata chini ya 30 hapa haonyeshwi namba kamili. Cheti chake husema "30 au chini" basi. Naona huo ni uungwana. Chuo hakihitaji kujua kama ni 11 au 24, na kijana hahitaji kubebeshwa tarakimu hiyo maisha yake yote.

Lakini namba za juu nazo zina mzigo wake. Kwenye treni niliwasikia vijana wakiulizana "umepata ngapi?" kabla hata ya kusalimiana. Desimali mbili zinampa mtu imani kwamba amepimwa sawasawa, wakati kilichopimwa ni wangapi wamebaki nyuma yake. Mwanafunzi anaweza kujua fizikia yake vizuri kuliko kaka yake alivyoijua miaka mitatu iliyopita, na bado akawa nyuma kwa kuwa wenzake wa mwaka huu wamejua zaidi.

Nairobi, Januari

Kenya hakuna msururu wa namna hiyo. Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, hufanyika hasa Novemba, na kwa miaka ya karibuni matokeo yamekuwa yakitoka Januari. Waziri wa Elimu huyatangaza mbele ya kamera, na nchi nzima husikiliza wangapi wamefikisha C+, daraja la chini kabisa la kuingilia chuo kikuu. Baada ya hapo KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, hupima alama kwa kozi: anayetaka uhandisi huhesabiwa masomo yanayohusu uhandisi, na anayetaka sheria huhesabiwa yake. Dirisha la kuchagua na kubadili kozi lipo, na lina nafasi zaidi kuliko la Melbourne, kwa sababu vyuo hufunguliwa miezi mingi baadaye.

Dar es Salaam, Julai

Kwetu kidato cha sita hufanya mtihani Mei, na Baraza la Mitihani hutangaza matokeo Julai. Ukifungua ukurasa wa shule kwenye tovuti unaliona darasa zima kwa mara moja: namba za watahiniwa kuanzia 0501, jinsia, pointi, daraja, na alama ya kila somo. Majina hayamo. Lakini nani mtaani asiyeijua namba ya mtoto wa jirani?

Mpwa wangu matokeo yake yalitoka akiwa kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa mujibu wa sheria, kama ilivyo kwa wahitimu wengi. Jirani aliyafungua mapema, akaja kumpa shangazi wa kijana pole mlangoni. Kufikia jioni watu wa duka la mangi walikuwa wanaijua fizikia yake. Mwenyewe aliyapata mwisho kabisa, kwa simu ya kuazima, kutoka kwa mtu aliyekuwa analia.

Kisha hesabu yetu nayo inachanganya. Kwenye daraja, A ni pointi 1, na mwenye pointi chache ndiye bora. Kwenye udahili wa vyuo, A hiyohiyo ni pointi 5, na mwenye nyingi ndiye bora. Mwombaji wa kawaida anatakiwa awe na masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mzazi wa kijijini akiambiwa "pointi kumi na mbili" hajui ashangilie au anyamaze, na mara nyingi hana mtu wa kumwuliza.

Hata hivyo kuna jambo letu ninaloliheshimu. Daraja linamwambia kijana anajua nini, halimwambii amemshinda nani. Na Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Sisi tulipiga hatua ya kuondoka kwenye mbio, wakati Australia bado inazikimbia.

Tunachoweza kujifunza kwao ni utaratibu wa siku yenyewe, na hauhitaji utajiri. Mtahiniwa apewe nenosiri wakati wa kusajiliwa, na siku ya kwanza afungue mwenyewe. Aliye kambini apewe saa moja ya simu na mkufunzi anayejua udahili. Kila shule ya kidato cha sita imwache mwalimu mmoja kazini wiki hiyo, mwenye mwongozo wa TCU mezani na namba yake ya simu ikiwa imetangazwa. Mtoto wa miaka kumi na tisa anaweza kuhimili habari mbaya, mradi aipokee yeye kwanza, na mtu mzima awe karibu kumwambia kozi gani bado ziko wazi na dirisha linafungwa lini.